Mchonga mawe wa Tabaka asilipishwe kwa jina lake mwenyewe

Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, kila mchuuzi anajua kwamba thamani ya kibanda haipimwi kwa ukubwa wake bali kwa mahali kilipo. Aliye kando ya njia huuza ndizi zake mapema. Aliye nyuma, hata awe na mikungu iliyonona zaidi, husubiri mpaka jua litue na pengine akarudi nayo nyumbani. Siku hizi lipo soko jingine lisilo na vibanda wala njia, nalo lina kanuni iyo hiyo. Soko hilo ni ukurasa wa kwanza wa majibu ambao mtambo wa kutafuta habari mtandaoni, mathalani Google, humpa mtu aliyeandika maneno mawili matatu katika rununu yake. Anayeonekana hapo huulizwa bei. Aliye ukurasa wa tatu ni kana kwamba hayupo duniani.

Ninaandika haya kwa sababu kodi ya kibanda hicho imeanza kuwaelemea watu wadogo wa Kisii na Nyamira, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kodi hiyo hailipwi kwa mwenye soko hata kidogo. Wanaolipa ni wachonga mawe, wenye nyumba za wageni, wenye karakana za useremala na wenye shule ndogo za kibinafsi. Wanaopokea ni mawakala wenye vipakatalishi, wanaoahidi kuitoa tovuti gizani na kuiweka nambari moja. Nawaandikia walimu na wanafunzi, wala si wafanyabiashara wenyewe, kwa kuwa nimesadiki ya kwamba dawa ya maradhi haya iko darasani kuliko mahali pengine popote.

Nianze na Tabaka. Asiyewahi kufika huko, kusini mwa Kaunti ya Kisii, na afahamu kwamba lile jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni huchimbwa kwa sululu kutoka mashimoni, likakatwa kwa msumeno na panga, likachongwa kwa kisu na patasi, kisha likasuguliwa kwa msasa na maji, kazi ambayo aghalabu huwaangukia kina mama. Lipo jeupe, lipo la waridi, lipo la kijivu. Kutoka humo hutoka bakuli, visahani vya sabuni, viboko na ndovu, seti za sataranji, na sanaa kubwa zaidi ya hizo: mchongaji Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, alichonga ndege wa amani ambaye yuko katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Ulimwenguni jiwe hili hujulikana kwa jina la mahali litokapo. Huitwa jiwe la Kisii.

Hiyo ni bahati isiyo ya kawaida. Hebu tulinganishe na chai ya majirani wetu wa Nyamira. Mkulima wa Kebirigo au Nyansiongo huchuma majani yake, akayapeleka kiwandani, na kutoka hapo chai hupelekwa katika mnada wa Mombasa, ikanunuliwa kwa magunia na kuchanganywa na nyingine za mbali. Mnywaji wa London hana habari kwamba kuna mahali panapoitwa Nyamira. Chai imepoteza jina njiani. Jiwe halikupoteza, jina limebaki limeng'ang'ania bidhaa hadi dukani. Lakini linapoandikwa mtandaoni, mara nyingi mlango unaofunguka si wa mchongaji. Ni wa muuzaji wa rejareja aliye ng'ambo, mwenye tovuti iliyopangwa vizuri, anayeeleza kwa Kiingereza safi jinsi mafundi wa Kisii wanavyofanya kazi. Simlaumu. Ameandika insha ambayo mchongaji hakuiandika.

Mchongaji mmoja ninayemfahamu, omogaka wa makamo mwenye vijana wanne karakanani, alinijia na daftari lake la hesabu. Kwa miezi sita alikuwa amemlipa wakala fulani shilingi 15,000 kila mwezi, jumla ya shilingi 90,000, ili tovuti yake "ipandishwe". Kila mwisho wa mwezi aliletewa taarifa yenye michoro ya rangi, na katika kila taarifa tovuti ilikuwa nambari moja. Hata hivyo, barua za wateja hazikuja. "Mwalimu," aliniuliza, "kama mimi ni wa kwanza, hao wanaonunua wanapitia wapi?"

Jibu lilikuwa katika mstari mdogo chini ya mchoro. Tovuti ilikuwa nambari moja, naam, kwa mtu aliyeandika jina kamili la karakana yake. Hakuna karakana nyingine duniani yenye jina hilo! Hata kama wakala angelala usingizi miezi yote sita, omogaka angekuwa wa kwanza kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa akilipishwa kwa kitu alichozaliwa nacho.

Nikaifungua tovuti yenyewe. Ilikuwa na picha thelathini na kitu, nzuri kwelikweli, lakini nzito kiasi kwamba katika rununu ya kawaida zilichukua muda mrefu kufunguka. Maneno yalikuwa haya tu: "Karibuni kwetu. Tunauza bidhaa bora kwa bei nafuu." Mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza anayesoma hapa ameshauinua wino wake mwekundu. Bidhaa zipi? Bora kwa namna gani? Kwetu wapi? Katika sentensi hizo mbili hamna jiwe, hamna Kisii, hamna Tabaka, hamna bakuli wala kiboko. Mtambo wa kutafuta ungejuaje kwamba hapa panauzwa mawe?

Ni vyema tueleze mtambo huo unavyofanya kazi, maana giza hili la ufahamu ndilo linalowalisha mawakala. Programu maalumu hutambaa mtandaoni usiku na mchana, zikifuata kiungo kimoja hadi kingine, na kusoma kila ukurasa zinaoufikia. Yaliyosomwa huwekwa katika faharasa, kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha historia, ila yenye ukubwa usiomithilika. Mtu anapoandika maneno yake, mtambo hautafuti dunia nzima wakati huo. Hutazama faharasa yake na kupanga majibu. Kwa hiyo neno lisiloandikwa ukurasani ni vigumu sana liingie katika faharasa. Picha isiyo na maelezo ya maandishi huuambia mtambo machache mno, hata kama imepigwa kwa ustadi wa ajabu.

Kupanga majibu ndiko kulikoifanya Google iwe Google. Kabla yake walikuwapo Yahoo tangu 1994 na AltaVista tangu 1995. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walichukua wazo kutoka desturi ya wasomi: makala inayonukuliwa na makala nyingi, hasa zile zenye heshima, huhesabiwa kuwa ya maana. Wakakichukulia kiungo kutoka tovuti moja hadi nyingine kama nukuu, au tuseme kama ushahidi. Kampuni yao ilianzishwa mwaka 1998. Leo mtambo huzingatia mambo mengine mengi pia, lakini ushahidi wa viungo haujaacha kuwa na uzito.

Ukishafahamu hayo, utaona mara moja ni nini kinachoweza kununuliwa na ni nini hakiwezi. Nafasi ya juu katika majibu ya kawaida haiuzwi na Google. Kampuni hiyo inasema haipokei malipo kwa ajili yake, na katika mwongozo inaowapa bure wenye tovuti inaonya kwamba hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwingine nambari moja. Kinachouzwa ni tangazo, ambalo huwekwa alama ya kuonyesha kuwa limelipiwa. Matangazo hayo yalianza mwaka 2000, nayo huendeshwa kwa mnada. Mwenye duka hutaja kiasi atakachotoa kila mtu anapobonyeza tangazo lake, mtambo ukalinganisha viwango hivyo pamoja na ubora wa tangazo, na mshindi akaonyeshwa juu. Anayebonyeza akaangalia tu na kwenda zake pia hulipiwa.

Hapa ndipo mnyonge anapoumia. Fikiria omogaka wa Tabaka akishindania neno "soapstone" na muuzaji wa Chicago. Wote wawili wamo katika mnada mmoja, lakini yule wa Chicago anauza bakuli kwa bei ya rejareja ya Marekani, kwa dola, na faida ya bakuli moja inaweza kugharamia mibonyezo mingi isiyozaa matunda. Huyu wetu amezoea kuuza bakuli lilo hilo kwa shilingi za jumla. Kumwambia ashinde mnada huo kwa fedha ni kumwambia ashindane kwa mbio na mwenye gari. Tena neno lenyewe ni pana mno: wako wanaotafuta mawe ya kujengea majiko, wako wanaotafuta sinki za jikoni, wala hawana haja na kiboko wa kuwekwa mezani. Atawalipia wote.

(Kwa wale wanaodhani kwamba Google yenyewe haijui uchungu wa kodi ya kibanda: katika kesi iliyoamuliwa na Jaji Amit Mehta jijini Washington, Agosti 2024, ilidhihirika kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ilitoa zaidi ya dola bilioni 26 ili mtambo wake uwe wa kwanza kufunguka katika simu na vivinjari vya wengine. Jaji aliamua kwamba ilikuwa imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Hata simba hulipia mahali pa kuvizia.)

Basi mdogo afanye nini? Asishindanie neno pana. Ajitafutie maneno membamba ambayo wanunuzi wake wa kweli huyatumia, naye ayaandike waziwazi. Mtu anayetaka seti ya sataranji ya jiwe la Kisii, nyeupe na ya waridi, iliyochongwa Tabaka, hawezi kuridhishwa na kila muuzaji. Ni wachache wanaoweza kumjibu, na mmoja wao ni mchongaji mwenyewe. Mjerumani haandiki "soapstone", huandika "Speckstein". Mfaransa huandika "stéatite". Mkenya wa Nakuru anayetafuta zawadi ya arusi huandika "mawe ya Kisii" au "vinyago vya Kisii". Ukurasa mmoja kwa kila aina ya bidhaa, wenye vipimo, uzito, rangi, muda wa kuichonga, namna ya kuifunga isivunjike safarini na bei yake: hayo yote ni maandishi. Gharama yake ni akili na saa kadhaa za kukaa chini. Jina la tovuti lenye mkia wa .co.ke hugharimu kiasi cha shilingi elfu moja hivi kwa mwaka. Hata ukiongeza ada ya kuihifadhi tovuti, bado hatujakaribia zile 90,000.

Walimu wenzangu, je, hiyo si insha ya maelezo tunayoifundisha kila muhula? Tunamwambia mtoto aeleze kitu hadi asiyekiona akione. Tunamkataza kusema "kizuri sana" bila kuonyesha uzuri. Tunamfundisha kumfikiria msomaji wake na msamiati wa msomaji huyo. Halafu anafaulu, anapewa alama 16 kwa 20, na daftari linatupwa kabatini, ilhali kilomita chache kutoka shuleni kuna karakana inayokufa kwa kukosa aya tano za namna hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unadai wanafunzi waihudumie jamii kama sehemu ya masomo yao. Sijui huduma iliyo karibu kuliko hii. Mwanafunzi akae na fundi, amuulize, apime bakuli, aandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mwalimu asahihishe, fundi athibitishe kwamba hakuna uongo. Mwalimu wa Kijerumani au Kifaransa, pale alipo, ana kazi yake pia. Mwalimu wa kompyuta atafundisha kupunguza uzito wa picha na kuipa kila picha maelezo yake, na jinsi ya kutumia chombo cha bure ambacho Google huwapa wenye tovuti waone ni maneno gani yaliyowaleta wageni.

Nyumba ya wageni ya Keroka ina shida tofauti, na ni makosa kuitibu kwa dawa ya Tabaka. Anayeitafuta hayuko Berlin. Yuko ndani ya matatu, giza linaingia, naye anataka kulala karibu. Huyo hahitaji tovuti ya fahari. Anahitaji kuiona nyumba hiyo katika ramani iliyo rununuani, pamoja na nambari ya simu inayopokewa. Kuorodheshwa katika ramani hiyo ni bure. Mwenye biashara hujisajili, akathibitisha kwamba ndiye mwenyewe, akaandika saa za kazi na kuweka picha. Wakala anayetoza maelfu kwa kazi hiyo, tena akabaki na nywila mikononi mwake, amemuuzia mtu ufunguo wa nyumba yake. Keroka ina tatizo lake la pekee: mji umeukalia mpaka, upande mmoja Kisii, upande wa pili Nyamira. Mwenye nyumba na ataje katika maelezo yake kwamba yuko Keroka, kisha ataje kaunti aliyomo na ile iliyo ng'ambo ya barabara, kwa kuwa mgeni hajui mpaka unapita wapi.

Limebaki suala la ushahidi, na hapa nina ugomvi kidogo na wakubwa. Nimesema kiungo ni nukuu, na kwamba nukuu ya mwenye heshima ina uzito. Wenye uzito katika nchi ya Wagusii ni akina nani? Ni serikali mbili za kaunti, Chuo Kikuu cha Kisii, shule zetu zenye majina, vyama vya ushirika, makanisa. Tovuti ya kaunti ikiwa na ukurasa wa wachongaji, karakana moja baada ya nyingine, kila moja na kiungo kinachokwenda moja kwa moja kwa fundi, itakuwa imetoa msaada ambao hakuna wakala awezaye kuuza. Chuo kikichapisha utafiti kuhusu jiwe, kiwataje waliohojiwa na kuelekeza kwenye kurasa zao ikiwa wameridhia. Shule ikinunua vikombe vya jiwe kwa siku ya tuzo, iseme katika tovuti yake vilichongwa na nani. Hakuna bajeti inayohitajika. Inahitajika adabu ya kutaja chanzo, ile ile tunayowaadhibu wanafunzi kwa kuikosa.

Viungo hivyo visinunuliwe. Wapo mawakala wanaouza viungo mia kwa bei ya jioni moja, kutoka tovuti ambazo hazisomwi na mtu yeyote. Mtambo umeng'amua hila hiyo zamani. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilikuwa limepandishwa kwa viungo vya namna hiyo. Google ililiteremsha mara moja. Mwaka uliofuata kanuni zilikazwa zaidi. Kampuni yenye mabilioni iliweza kuinuka tena. Karakana ya watu watano ikiangushwa hivyo, itaajiri nani aiinue?

Sitaki ieleweke kwamba kila kijana anayefanya kazi hii ni laghai. La hasha. Kisii na Nyamira wapo vijana waliosomea teknolojia, wanaojua kuiponya tovuti iliyo nzito, kurekebisha kurasa zisizosomeka katika simu na kuondoa viungo vilivyokatika. Kazi hiyo ina thamani na ilipwe. Lakini ilipwe kama tunavyomlipa seremala, kwa meza iliyokwisha na kukaguliwa. Malipo ya kila mwezi yasiyo na kazi inayoonekana yakataliwe. Mwenye tovuti amuulize wakala mambo mawili: ni maneno gani hasa utakayonifanya nionekane kwayo, na ni nani mwingine anayeyashindania? Akijibu kwa jina la biashara yenyewe, mlango ni ule.

Tangu mwaka 2024 mitambo hii imeanza kutoa jibu lililoandikwa na akili unde juu ya orodha ya viungo, na baadhi ya watu wanasema kwamba tovuti ndogo zimefika mwisho wake. Mimi naona neno hilo limesemwa mapema. Jibu hilo hutungwa kutokana na yaliyoandikwa na watu. Akiulizwa leo jiwe la Kisii huchongwaje, mtambo utajibu kwa maneno ya yeyote aliyejishughulisha kuandika, awe amefika Tabaka au hajafika.

Yule omogaka aliusitisha mkataba wake mwezi wa saba. Wasichana wawili wa kidato cha tatu, mmoja wao mpwa wake, walikaa karakanani likizo ya Agosti na daftari na futi, wakaandika kurasa kumi na moja. Ile ya visahani vya sabuni ilibidi iandikwe mara tatu, maana fundi alikataa kabisa neno "laini" likitumika kwa jiwe ambalo limeshasuguliwa. Laini ni kabla ya msasa, alisema. Baadaye huitwa nyororo.